Mafuta ya Zamani

4 Februari 1997

Sindano, mpwa wangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu dada yangu mama yako, na nauliza goti lake linaendeleaje tangu ateleze bafuni. Mwambie mdogo wake anasema umri wa kuruka kamba umepita. Mimi hapa mzima wa juu juu. Kibanda changu cha saa kipo, mvua imekipiga lakini bati halijavuja, na jirani yangu Soli bado anagonga viatu vya watu kwenye ukuta wangu tangu asubuhi mpaka achoke. Nashukuru sikio langu la kushoto lilikufa zamani na la kulia linalifuata taratibu, la sivyo ningeshahama.

Saa yako imefika salama na nimeshaifungua. Wewe unaibandika kifuani kichwa chini miguu juu, unaimwagia dawa za hospitali, halafu unauliza kwa nini inasimama saa nne na dakika ishirini! Niachie. Fundi haharakishwi.

Sasa neno lenyewe. Ile pumzi niliyokuambia inanipotea nikipanda ngazi za posta, siku hizi inanipotea nikifunga kamba za viatu. Nilikwenda hospitali kuu, wakanipiga picha za moyo siku mbili. Daktari wa moyo ni kijana mwenye sauti ndogo kama anakupa siri, ikabidi aniandikie kwenye karatasi. Vali moja ya moyo wangu, kilango cha damu, imekakamaa, haifunguki vizuri. Wanataka kunipasua kifua, wausimamishe moyo, waing'oe hiyo vali na kuweka ya kutengenezwa kiwandani. Ni tarehe mbili Aprili. Wasiponifanyia, anasema huenda mwaka nisiumalize. Nimekuandikia kwa kifupi ili usipate nafasi ya kulia.

Kuna jingine. Wamenipa karatasi tano za utafiti. Wanasema katika upasuaji wa namna hiyo mwili huvimba kwa ndani, na madaktari wengine humpa mgonjwa steroidi kuutuliza. Wanataka kujua kama inasaidia kweli au ni mazoea yao tu. Kwa hiyo nusu yetu tutatiwa dawa, nusu maji ya chumvi, na hata daktari hatajua nani kapata nini. Ungekuwa wewe, ungetia sahihi? Wewe kazi yako ni chumba cha upasuaji kila siku. Niambie kama mtu, usiniambie kama kitabu.

Usinipigie simu kwenye duka la madaftari. Mara ya mwisho niliposhika ile simu nilisikia mtu anakaanga mafuta tu. Na mama yako usimwambie. Ataanza kufunga mizigo na goti lile.

Mjomba wako,
anayepumua kwa mafungu


17 Februari 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu bila kujua ninakuandikia nini. Goti limepungua uvimbe. Anatembea na fimbo, na fimbo hiyo anaitumia zaidi kutuelekeza sisi kuliko kujiegemeza. Mimi ni mzima, ila wodini tumebaki wauguzi wanne tunafanya kazi ya tisa, na viatu vyangu ningekuwa karibu ningemletea Soli.

Mjomba, habari za kufa hazipachikwi katikati ya habari za saa na ngazi za posta! Barua yako niliisoma nimesimama koridoni, ikabidi niisome tena nimekaa. Kulia nimelia, nafasi niliipata.

Haya, nakujibu kama mtu. Moyo ukishasimamishwa, damu yako yote inapitishwa kwenye mashine, kwenye mabomba na vichujio. Mwili haujawahi kuona bomba. Unadhani umevamiwa, unaitisha jeshi zima: joto linapanda, mapafu yanavuta maji, presha inayumba. Steroidi inauambia mwili utulie, hawa si maadui. Hapa kwetu daktari mmoja humpa kila mgonjwa, mwenzake hampi mtu, na nimewaona wagonjwa wa wote wawili wakirudi nyumbani kwa miguu yao. Kwa hiyo wanachouliza ni swali la haki, wala hawakufanyi panya. Mimi ningetia sahihi.

Ila karatasi hizo lazima zina ukurasa wa dawa unazotumia. Jibu kila kitu, mjomba. Kila kidonge, hata cha kichwa, hata ulichopewa na mtu. Orodha hiyo hiyo niandikie na mimi. Nataka kuiona kwa macho yangu.

Nimeomba likizo ya Aprili. Hawajanijibu. Najua huu ni mwaka wa sita nakuambia maneno hayo hayo, na nyumba yako naikumbuka mpaka ufa wa mlangoni. Sitajitetea.

Mpwa wako,
Sindano


6 Machi 1997

Sindano,

Salamu zako zimefika, na za mama yako nimezipokea kwa mikono miwili. Huku mvua zimekata. Soli kapata mjukuu wa kike, tangu hapo hagongi viatu, anavibembeleza. Mwenye duka la madaftari kanunua kamera na anampiga picha kila anayepita, kwa hiyo nakutumia moja. Huyo mnene aliyeshika kibano ni mimi. Watu wananiambia ugonjwa gani huu unaonenepesha! Nawajibu moyo umejaa wema, unatafuta pa kumwagikia.

Karatasi za utafiti nimetia sahihi. Msichana mmoja mpole aliniuliza maswali kwa kuniandikia ubaoni, moja moja, tukamaliza vizuri.

Dawa zangu ni hizi: ya kukojoza, ya presha, na aspirini ndogo. Basi.

Saa yako bado naihangaikia. Usiniulize.

Mpaka tarehe mbili nitakuwa nimepumzika vya kutosha. Nalala mchana siku hizi kama paka wa mgahawani.

Mjomba


14 Machi 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Goti sasa linamruhusu kufika sokoni, na huko amegombana na watu wawili kuhusu nyanya, kwa hiyo nadhani amepona. Picha yako nimeificha kwenye kabati langu la kazini asiione.

Nimeitazama sana. Mjomba, mashavu hayo umeyatoa wapi? Wewe ulikuwa na uso mrefu, mama anasema tangu utoto walikuita Kisu. Na zile alama nyeusi kwenye mkono, umejigonga wapi? Orodha yako imekuja na dawa tatu. Nimeihesabu mara nyingi, ni tatu tu.

Viungo vya vidole vinaendeleaje? Miaka ile vilikusumbua mpaka ukawa huwezi kushika skrubu. Siku hizi hunisimulii habari zake kabisa.

Nina swali jingine, lakini kalamu inakuwa nzito. Labda nilibebe nikija. Likizo wamesema watafikiria.

Sindano


23 Machi 1997

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa mwandiko huu mbovu, unisamehe. Msalimie anayegombana na wauza nyanya.

Umeuliza vidole. Vimerudi kuwa vibaya. Wiki hii kalamu naishika kwa ngumi, na kibano kinaniponyoka, juzi nilitafuta chemchemi ya saa ya mtu sakafuni saa nzima nikiwa nimepiga magoti, na kuinuka nikashindwa. Soli ndiye aliyeniinua. Asubuhi natapika hata uji. Nikisimama ghafla ukuta unakuja na kurudi. Naona moyo unachoka haraka kuliko walivyopiga hesabu, lakini siku zimebaki chache, nitajikaza. Nitalazwa tarehe thelathini na moja.

Nisikufiche yote. Kuna kitu nilikuwa nakitumia, kidogo kidogo, tangu zamani. Yule msichana aliponiandikia ubaoni kama natumia kitu cha aina hiyo, nilisema hapana, kwa sababu zangu mwenyewe. Halafu uongo ukanikaa vibaya. Kwa hiyo tarehe kumi na tatu nilikiacha chote siku moja, ili hapana yangu iwe hapana kweli. Na hata kama si uongo, ndivyo fundi anavyofanya. Saa ikiletwa kwangu siongezi mafuta mapya juu ya mafuta ya zamani. Naosha kwanza, nakausha, ndipo natia mapya. Wakinitia hiyo steroidi yao wataikuta mashine safi.

Usikasirike. Nikiamka nitakueleza vizuri. Saa yako ipo kwenye kopo la skrubu, kopo la bluu. Nakuambia ili ujue tu ilipo.

Mjomba wako


28 Machi 1997, saa tatu asubuhi

Mjomba,

Leo sina salamu. Barua yako imenifikia asubuhi hii.

Ile dawa uliyoiacha ni steroidi. Unajua, najua, na ndiyo iliyokupa mashavu yale na alama za mkononi. Ni vile vidonge vidogo vyeupe nilivyokuletea mimi, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, uliponililia kwamba vidole vimekufa na wateja wanakimbia. Pakiti moja, siku saba, nikakuambia. Sikurudi kukuuliza siku ya nane ikawaje. Hilo ndilo swali lililonishinda kuandika.

Sasa nisikilize. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo ambazo kila siku hutengeneza dawa ya aina hiyo hiyo kwa ajili ya mwili. Ukimeza vidonge miaka sita, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiviacha ghafla haziamki siku hiyo wala mwezi huo. Huko kutapika, hicho kizunguzungu, kushindwa kuinuka, si moyo peke yake. Mwili umekaukiwa. Mjomba, hujajisafisha. Umeondoa mafuta na saa ukaiacha inakwenda. Ukipasuliwa hivyo na wao hawajui, presha itaanguka mezani na hawatajua waikamate wapi. Mimi nimeshamwona mgonjwa wa namna hiyo na sitaki kukusimulia.

Nimepiga simu hospitali yenu. Daktari wako mwenyewe kaniambia, mlete leo, usingojee tarehe. Nikapiga duka la madaftari, wakamwita Soli. Soli kaenda, karudi kwenye simu, kaniambia umegoma! Eti Sindano angekuwa na neno angeandika, na kwamba Soli hajawahi kupeleka ujumbe ukafika mzima. Mjomba wewe!

Haya, nimeandika. Huu ni mwandiko wangu, unaujua tangu nikiandika herufi kinyume. Dereva wa basi la saa nne ataichukua, na Soli ataipokea stendi. Nimemwambia Soli ukitapika tena kabla basi halijafika, au ukishindwa kusimama, asikuombe ruhusa, akubebe tu.

Ukifika waambie yote. Kipimo, miaka, duka ulilonunua. Wakiuliza nani alikuanzishia, nitaje. Nitaje kwa cheo na hospitali ninayofanyia kazi. Usinifiche hata kidogo.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu ile baiskeli ya utotoni.

Sindano


22 Aprili 1997
Wodi ya pili, kitanda cha dirishani

Sindano wangu,

Niko hai. Nimeona nilitangulize hilo, mengine yatafuata kwa adabu.

Salamu kwako, salamu kwa mama yako, ambaye naambiwa sasa anajua kila kitu na ametuma neno kwamba nikitoka hapa ataniua mwenyewe. Mwambie apange foleni.

Sasa sikia mkasa wako wa barua. Basi lilikuwa bado njiani. Mimi nilikuwa nimekaa kibandani nimenuna, nikasimama nimfukuze Soli kwa mara ya tatu, na hapo ndipo miguu iliponikimbia. Nilichokumbuka baadaye ni bega la Soli linalonuka gundi. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye gari la muuza magodoro, wakanilaza juu ya godoro jipya la watu. Mwenye godoro alilalamika mpaka geti la hospitali, naambiwa, mimi sikusikia kitu.

Soli alinifikisha, akarudi stendi mbio, akaja na barua yako. Nikawekewa dripu. Nikaishika barua, macho yanaona maandishi mawili mawili, sikuweza kusoma. Daktari akaichukua. Yule kijana mwenye sauti ya siri. Akaanza kunisomea kwa upole, mimi namwonyesha sikio, sisikii. Akaongeza. Sisikii. Sindano, siku hiyo kijana aliipata sauti yake! Alisoma barua yako nzima kwa kelele, mstari kwa mstari, wodi nzima watu wameshika vijiko hewani. Alipofika pale pa umeondoa mafuta na saa ukaiacha inakwenda, mzee wa kitanda cha nne akapiga paja akasema, huyo binti kaongea! Siri yangu ya miaka sita ilijulikana na watu kumi na wanane kwa dakika tano. Hata mpishi alisimama mlangoni.

Alipofika pa nitaje, aliacha kupiga kelele. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaniandikia: kwa nini hukusema?

Nikamwambia, na sasa nakuambia wewe. Wangeniuliza nani alinipa cha kwanza. Nisingeweza kudanganya mara mbili mfululizo, sina kichwa hicho. Ningekutaja, na nilipovianza wewe ulikuwa ndiyo kwanza unavaa sare. Nilikuona siku ulipokuja kuaga, umebandika ile saa kifuani, unajitazama kwenye kioo cha kabati langu la saa kana kwamba hujui nakuona. Niliona wakikuvua ile sare kwa sababu ya vidole vyangu, afadhali nife na vidole vyangu. Wewe ulisema siku saba. Nilipovimeza siku saba nikaamka nashika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, nikalia kwa furaha. Siku ya nane nilipeleka pakiti tupu dukani, wakanipa nyingine bila kuuliza. Ndivyo ilivyokuwa miaka sita. Hesabu mbovu ni yangu. Wewe ulihesabu sawa.

Daktari hakukuandika kwa ubaya. Aliandika kwenye faili dawa, kipimo na miaka, akasema hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Wakanirudishia dawa yangu kwa mshipa, na asubuhi ya pili nikaomba uji, nikaongezewa. Utafiti wamenitoa, maana mtu anayemeza vidonge tayari hapigiwi kura ya nani apewe dawa na nani maji. Kichekesho ni kwamba wenzangu wote waliotia sahihi hawajui kama walipewa steroidi au maji ya chumvi, na daktari wao hajui. Mimi niliyedanganya ndiye pekee wodi nzima mwenye uhakika. Nilipewa kabla, nikapewa wakati moyo umesimama, nikapewa baada, wanapunguza kidogo kidogo. Upasuaji walisogeza mpaka tarehe kumi na nne, mwili upate nguvu kwanza. Presha haikuanguka. Daktari aliniandikia: haikuanguka hata mara moja, kisha akapiga mstari chini yake.

Kifua kinauma nikikohoa. Nikicheka kinauma zaidi, kwa hiyo mzee wa kitanda cha nne wamemhamisha.

Mjomba wako,
mwenye mshono wa sentimita ishirini na mbili, nimehesabu mwenyewe


3 Mei 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu niweke akiba.

Sista wa wodi yenu alinipigia simu tarehe kumi na nne jioni. Alisema, ametoka, yuko salama, amefumbua macho na ameuliza Soli yuko wapi. Nilikaa chini hapo hapo sakafuni kwenye ofisi ya metroni, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu Februari. Metroni alidhani nimezimia, akanimwagia maji. Nikacheka nikiwa nimelowa. Sijawahi kufurahi hivyo nikiwa na maji puani.

Mama nilimwambia usiku ule ule kwa sababu nilirudi nyumbani nimelowa na sikuwa na uongo wa karibu. Alipiga fimbo chini akasema, alikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, aliwahi kukaa na mwiba mguuni wiki nzima ili mimi nisichapwe kwa kumpitisha njia ya vichakani. Halafu akalia. Kisha akaomba soksi zake za safari.

Mjomba, na mimi nina langu. Metroni nilimweleza yote siku ile nilipokupelekea barua kwa basi, kabla sijajua kama utaishi. Nilisema nilimpa mjomba wangu dawa bila daktari nikiwa mwanafunzi, nikaondoka, na sikurudi kuuliza. Nilingojea anivue beji. Alinisema nusu saa, mjomba, maneno ambayo sitayaandika kwa sababu mama anasoma nyuma ya bega langu. Akaniandikia onyo kwenye faili. Kisha akaniambia niende wodini niwaulize wagonjwa wote wa upasuaji upya, mmoja mmoja, dawa wanazomeza. Siyo wanazoandikiwa, wanazomeza. Siku ya kwanza nilipata wawili kama wewe. Mmoja alikuwa anazificha kwenye chupa ya sukari.

Kwa hiyo miaka yote hiyo wewe ulikuwa unalinda sare, na sare yenyewe imetoka na doa tu. Ungeniuliza, mjomba! Ungeniandikia mstari mmoja. Lakini na mimi ningekuuliza. Tumekaa miaka sita tunaandikiana habari za bati na goti, kila mmoja anamhurumia mwenzake, nusura tukuzike kwa huruma.

Likizo wamekubali, kuanzia tarehe ishirini na nane. Ila sitaki kukuahidi, maana ahadi zangu unazijua. Naomba nitumie saa yangu kwa posta. Nahesabu mapigo ya watu kwa saa ya ukutani, inabidi nipinde shingo kama kuku.

Mpwa wako anayekupenda na kukukasirikia,
Sindano


16 Mei 1997

Sindano,

Wasalimie wote humo ndani, na mwiba ule mwambie mama yako ulikuwa siku nne, siyo wiki. Anazidisha.

Nipo nyumbani. Soli amenitengenezea ndala zenye soli nene nisiteleze, na ameacha kugonga ukutani, anasema mgonjwa asishtuliwe. Nimemwomba aendelee. Kimya kilikuwa kinanitisha. Vidole vinauma, sitakudanganya tena. Wamenipeleka kwa daktari wa viungo, ananipa dawa nyingine na vile vyeupe anavipunguza kwa nusu kidonge kila baada ya wiki kadhaa, kila kitu kimeandikwa kwenye kadi na kadi ipo mfukoni mwa shati. Natengeneza saa mbili kwa siku, za ukutani tu. Ndogo nimempelekea fundi wa mtaa wa pili, ambaye nilimsema vibaya miaka kumi. Anazitengeneza vizuri sana, inaniudhi.

Sasa nikupe habari ambayo sijampa mtu. Hii vali ya kiwandani inagonga. Tik, tik, ndani ya kifua. Daktari aliniambia wagonjwa wengine husikia. Mimi sikio moja limekufa na la pili liko njiani, nimetengeneza saa miaka thelathini kwa kuzigusa na ncha ya kidole kwa sababu sauti zake nilikuwa sizipati. Hii naisikia. Inapanda kwenye mifupa mpaka kichwani. Asubuhi ya kwanza niliposikia nilitafuta saa kitandani chini ya mto. Nilipojua ni mimi, nilikaa pale nikacheka mpaka mshono ukauma.

Na saa yako. Sitaituma.

Ilikuwa na uchafu tu, Sindano. Niliitengeneza siku ile ile ilipofika, Februari, kazi ya dakika arobaini. Nikaiweka kwenye kopo la bluu. Niliona moyo wangu ukikataa mezani, mtu atawaandikia mje kuzika, nanyi mtakuja mbio na kurudi mbio. Lakini saa lazima ungeitafuta. Ungefungua makopo yangu moja moja, ungekaa kwenye kiti changu, ungechelewa kidogo humu ndani. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, na ndilo nililoshindwa kuliandika. Ni mwaka wa sita.

Sasa sihitaji utafute. Naitia ufunguo kila asubuhi na inakwenda sawa. Tarehe ishirini na nane Soli atakuwa stendi tangu mapema, mtamjua kwa harufu ya gundi. Mlete huyo mwenye fimbo. Njoo uichukue saa yako, na ukishaibandika kifuani, kabla hujala, kabla hujaanza kuniuliza maswali yako ya hospitali, unihesabie mapigo dakika moja nzima. Wewe tazama saa. Mimi nitakuhesabia kwa sauti, maana nayasikia.

Mjomba wako, aliye nyumbani, mlango haujafungwa